Stendi nyepesi ya simbali si lazima ianguke

Wapo wapiga dramu wa Goma wanaoamini kwamba stendi nyepesi ya simbali, ile sahani ya shaba ya kupigwa, itaanguka tu, kwa hiyo hupanda pikipiki na mzigo wa stendi nzito, zenye pau mbili za chuma katika kila mguu, kila harusi. Imani hiyo ina chanzo: stendi nzito husamehe makosa. Lakini kinachozuia stendi kuanguka ni upana wa miguu, kimo, na upande uzito unapoelemea. Simbali ya inchi 16 hutulia vizuri kwenye stendi iliyonyooka ya kilo 2 hivi. Ya inchi 20, kwenye mkono mrefu uliovutwa nje, inaweza kuangusha hata stendi nzito.

Jaribu: tandaza miguu, zungusha stendi mpaka mguu mmoja uwe chini ya simbali, kisha sukuma ukingo kwa kidole. Mguu wa nyuma ukinyanyuka, shusha kimo.

Miguu bapa, ile inayolala chini, hutaka sakafu sawa. Kwenye ua wa mawe ya volkeno hucheza. Huko chukua ya miguu iliyoinuka, yenye pau moja. Stendi ya haihati, zile simbali mbili zinazogonganishwa kwa pedali, afadhali ibaki na uzito kidogo, maana bila zulia hutambaa mbele kila ukikanyaga pedali. Na skrubu usizikaze kwa koleo: bomba jembamba hubonyea, halafu halishiki tena.