Kifaru wa ukutani na wale wawili wa Laikipia

Sisi tunaotoa elimu makumbusho, kila tukifika kwenye mada ya wanyama wanaotoweka, kuna kazi moja ya sanaa huwa nawawekea watu kwenye vidio na ukumbi wote unatulia. Inaitwa The Substitute, yaani Mbadala, ilitengenezwa 2019 na msanii wa Uingereza, Alexandra Daisy Ginsberg. Ni kifaru mweupe wa kaskazini (mweupe ni jina tu, rangi yake ni kijivu), dume, saizi yake ya kweli kabisa, anarushwa ukutani kwa projekta. Mwanzoni unaona vibonge vya rangi tu kama picha iliyogoma kufunguka kwenye simu, halafu anaanza kutembea, anageuka, anakoroma, na kadiri anavyozoea chumba ndivyo ngozi inatokea, mikunjo inatokea, macho nayo, mpaka kifaru mzima kasimama mbele yako. Halafu hayupo.

Sauti zake hazikubuniwa, zilirekodiwa kwa vifaru wenyewe waliokuwa wamebakia. Lakini angalia alipowekwa, chumba cheupe kitupu, hakuna nyasi wala tope wala mwenzake hata mmoja. Kwangu mimi uzito wote wa kazi hii uko hapo.

Sasa tuje kwa wa kweli. Hawa walikuwa Uganda, Chad, Sudan, Kongo na Afrika ya Kati, na 1960 walikuwa bado zaidi ya 2,000. Ujangili wa pembe na vita ndivyo vilivyowamaliza, wa mwisho porini walikuwa mbuga ya Garamba kule Kongo. Desemba 2009 wanne wakaletwa hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, Kenya, kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové huko Ucheki, watu wakitumaini kwamba wakirudi Afrika watazaana. Haikuwa hivyo. Dume mmoja, Suni, akafa 2014, na mzee aliyeitwa Sudan, dume wa mwisho, akafa tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki Najin na binti yake Fatu, na wote wawili hawawezi kubeba mimba, mama miguu ya nyuma ni dhaifu, binti kizazi kina matatizo.

Basi wanasayansi wa mradi wa BioRescue wanafanya hivi: Fatu anapigwa dawa ya usingizi, mayai yanatolewa, yanakimbizwa maabara Italia siku hiyohiyo na kurutubishwa kwa mbegu za madume ambao wengine walishakufa zamani, mbegu ziligandishwa, kisha kiinitete kinahifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi -196 za Selsiasi. Kufikia Januari 2024 walishakuwa na viinitete 30. Najin alipumzishwa 2021 kwa sababu ya umri na afya, kwa hiyo mayai sasa ni ya Fatu tu. Mimba itabebwa na kifaru jike wa kusini, ndugu wa karibu. Walishaijaribu njia hiyo kwa kiinitete cha kusini na mimba ikashika kabisa, ila mama akafa kwa bakteria waliofumuka kwenye udongo baada ya mvua kubwa, na ndani wakakuta kijusi dume cha siku 70, urefu sentimita 6.4. Iliniuma sana, lakini ilionyesha kwamba inawezekana.

Watu huniuliza, kama viinitete vinaweza kukaa kwenye baridi miaka na miaka, haraka ya nini? Ni kwa sababu ya kile chumba cheupe. Ndama akizaliwa anatakiwa awakute Najin na Fatu wako hai, awafuate nyuma, aone wanavyokula, wanavyoitana, wanavyosogeleana, maana mambo hayo yote hayamo kwenye mbegu wala kwenye yai, yamo kwa wakubwa wake, na wakubwa ni hao wawili tu duniani. Sudan alikufa akiwa na miaka 45. Najin kazaliwa 1989, na mimba ya kifaru inachukua kama miezi 16.