Majina ya Kigaeli Visiwani Uskoti: Anza na Sauti

Kisiwani Mull, magharibi mwa Uskoti, kuna mji wa bandari ambao ramani za Kiingereza huuita Tobermory. Kwa Kigaeli, lugha ya Kikelti ya Uskoti, ni Tobar Mhoire, yaani Kisima cha Mariamu. Herufi "mh" hutamkwa karibu na "v" yetu, kwa hiyo msomaji wa ramani ya Kiingereza hasikii kisima wala Mariamu. Ndiyo maana sisi tunaohifadhi majina ya mahali humwambia kila anayetaka kusaidia: kinasa sauti kwanza, kalamu baadaye.

Tahajia za ramani zina historia yake. Katikati ya karne ya 19, wapimaji wa Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, walipita kisiwani Lewis wakijaza madaftari: jina, namna linavyoandikwa, na aliyelithibitisha. Mara nyingi waliothibitisha walikuwa wachungaji wa kanisa, walimu au wasimamizi wa ardhi ya mabwana. Majina ya wanawake ni nadra humo.

Nao ndio waliojua mengi. Kiangazi kilipofika, wanawake na wasichana wa Lewis walihamia na ng'ombe kwenye nyika ya majimaji ndani ya kisiwa, wakalala vibandani, wakatengeneza siagi na jibini. Kambi hiyo ni àirigh. Ukilikuta neno hilo katika jina la kilima, jua kwamba karibu na hapo watu waliwahi kupiga kambi, hata kama leo yamebaki mawe ya msingi tu. Buaile ni zizi. Geodha ni ghuba nyembamba kati ya magenge; neno hili Wagaeli walilipata kwa mabaharia wa Skandinavia.

Usimsahihishe anayekusimulia. Wengi husema Portree, kisiwani Skye, ni Bandari ya Mfalme, kwa kuwa Mfalme James V alifika huko mwaka 1540. Wapo wataalamu wanaoona asili yake ni ruighe, mteremko. Andika yote mawili, na nani kasema lipi.

Muda si mwingi. Katika sensa ya 2011, asilimia 52 ya wakazi wa Na h-Eileanan Siar, visiwa vya mbali vya magharibi, walizungumza Kigaeli. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 45. Kisiwa cha Hiort, ambacho dunia hukiita St Kilda, yaani Mtakatifu Kilda, ingawa hakuna mtakatifu anayejulikana kwa jina hilo, wenyeji wake 36 wa mwisho walihama tarehe 29 Agosti 1930.

Basi omba idhini, nenda na mzee mpaka mahali penyewe, na kama miguu imechoka mpelekee picha. Swali la "Mlikuwa mkifanya nini hapa?" huibua majina mengi kuliko "Hapa panaitwaje?" Nasa jina peke yake, kisha ndani ya sentensi, kwa sababu Kigaeli hubadilisha maneno: mlima ni beinn, lakini kilele cha mlima ni mullach na beinne. Weka alama ya mahali kwa simu yako.

Kwa mvuvi, hojiana naye baharini. Yeye hutambua eneo la samaki kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, mwamba wa mbele na kilele cha nyuma, na mstari huo huonekana ukiwa ndani ya mashua tu.