Kushukuru si kunyamazia kila kero

Uko kwenye matatu kutoka Kondele, kondakta amekalia chenji yako ya shilingi hamsini. Ukiidai, jirani anakukata: “Si umeokoka? Mshukuru Mungu tu.”

Wengi huamini hivyo, kwamba mwenye shukrani hadai. Sivyo. Paulo, aliyewaandikia Wathesalonike washukuru kwa kila jambo, alipigwa hadharani kule Filipi bila kuhukumiwa, akatiwa miguu kwenye mkatale. Usiku wa manane yeye na Sila wakaimba. Kulipokucha, wakubwa wa mji wakaagiza waachiliwe kimyakimya. Paulo akagoma: waje wenyewe watutoe! Na wakaja, tena wakiwabembeleza (Matendo 16).

Zaburi nazo zimejaa malalamiko, ya wazi kabisa.

Basi idai hamsini yako bila matusi, kabla hujashuka Kibuye.