Kwa nini wiski moja hunukia moshi na nyingine vanila?

Jumapili nyumbani kwa baba mdogo, Kibosho, palikuwa na chupa mbili mezani: Laphroaig ya Uskoti na Maker's Mark ya Marekani. Alinusa ya kwanza akarudisha kichwa nyuma. "Hii mbona kama dawa ya kidonda?" Ya pili akatabasamu: "Hii ni keki."

Zote zilipotoka mtamboni zilikuwa nyeupe kama maji. Tofauti imetoka wapi?

Ule moshi unaanzia kwenye kimea, na hapo mpika mbege (pombe ya ndizi na ulezi) yeyote wa mji wa Moshi ni mwalimu. Shangazi huloweka ulezi, huufunika mpaka uchipue, kisha huuanika juani. Shayiri ya wiski nayo huchipuzwa, halafu lazima ikaushwe isiendelee kuota. Lakini kisiwa cha Islay, kwao Laphroaig, kina mvua nyingi na miti michache. Jua la kuanikia wangelitoa wapi? Wenyeji walichimba udongo mweusi wa kinamasi, ambao ni mimea iliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka, wakaukata kama matofali, wakaukausha na kuuchoma kama kuni. Moshi wake hupenya kwenye punje ukiacha kemikali ziitwazo fenoli, na fenoli hizo haziishi zote hata kimea kikishapikwa, kikachachushwa na kukenekwa. Harufu ya dawa aliyoisema baba mdogo ndiyo hiyo.

Utamu wa Maker's Mark ni kazi ya pipa. Ni bourbon, aina ya wiski ya Marekani, na sheria ya huko inataka bourbon itokane na nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, na ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani. Moto huvunja lignini, kitu kinachoipa mbao ugumu wake, na kutoa vanilini, kemikali ileile inayoipa vanila harufu yake. Rangi ya kahawia nayo hutoka humo. Pipa likishatumika, haliruhusiwi tena kwa bourbon, hivyo mengi huuzwa Uskoti; Laphroaig yenyewe hukomazwa kwenye mapipa ya namna hiyo. Kwa hiyo ukiipa muda mdomoni, nyuma ya moshi utaikuta vanila kidogo. Mimi niliikuta.

Ukitaka kuzilinganisha vizuri, usizigugumie. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, onja, kisha dondoshea maji. Mwaka 2017 watafiti wa Sweden walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba pombe ikipunguzwa makali, gwayakoli, mojawapo ya kemikali za moshi, hukaa karibu na uso wa kinywaji, pale pua inapoifikia.

Baba mdogo akatia matone mawili, akanusa tena. Safari hii hakutaja dawa. Alisema jiko la bibi, la kuni, asubuhi ya mvua.