Mfumo "thabiti" ni mfumo wa namna gani?

Ukianza kutafuta mfumo endeshi huria kama Linux wa kuweka kwenye kompyuta yako, mapema tu utakutana na neno "thabiti". Wengi hudhani ni mfumo usiokwama wala kuzimika ghafla. Huo ni uimara, na ni jambo jingine. Kwa wanaotengeneza Linux, thabiti ni kile kisichobadilika. Programu uliyoizoea leo itafanya kazi vilevile mwakani, mafaili ya mipangilio yatasomeka vilevile, na hata dosari ndogo ndogo utazikuta palepale ulipoziacha.

Tazama Debian, mmojawapo wa mifumo ya Linux. Programu mpya huingia kwanza kwenye tawi liitwalo Sid. Zikikaa huko siku kadhaa bila kasoro kubwa, husogezwa tawi la majaribio. Takriban kila miaka 2 tawi hilo hufungwa, kazi inakuwa kuondoa dosari tu kwa miezi kadhaa, kisha linatangazwa kuwa toleo thabiti. Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na kerneli (kiini cha mfumo) 6.1 na OpenSSH 9.2, programu ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali kwa njia ya SSH, ikabaki na hizo hizo. Arch Linux imechagua njia nyingine kabisa: haina matoleo, na programu ikishatolewa na walioiandika, mara nyingi inakufikia ndani ya siku chache. Fedora iko katikati, na toleo jipya kila miezi 6 hivi.

Sasa, je, kubaki na programu ya zamani si hatari? Swali hili ni la haki, na jibu lake wengi hawalijui. Julai 2024 lilitangazwa tundu kubwa la usalama katika OpenSSH, lililopewa jina regreSSHion. Toleo lililoliziba ni 9.8. Debian 12 haikupanda kwenda 9.8. Watunzaji wake walichukua marekebisho yale tu, wakayatia ndani ya 9.2 ileile. Anayetazama namba ya kifurushi cha OpenSSH anaona 1:9.2p1-2+deb12u3. Akiishia kwenye 9.2 atasema seva imepitwa na wakati, kumbe habari yote iko kwenye ile u3 ya mwisho: ni sasisho la 3 la kifurushi hicho ndani ya Debian 12, na ndilo lililoziba tundu.

Upya nao una hatari zake. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Akafuatilia hadi akakuta mlango wa siri umepachikwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Mashine hiyo ilikuwa ya Debian Sid. Toleo thabiti lilikuwa bado na xz ya zamani, kwa hiyo halikuguswa. Hata hivyo, ukongwe si kinga ya kila kitu: kosa la regreSSHion lilikuwa limekaa ndani ya OpenSSH tangu 2021.

Mahali uthabiti unapouma kweli ni kwenye vifaa vipya. Kompyuta ikiwa na kadi ya Wi-Fi iliyotoka baada ya kerneli kufungwa, huenda mfumo usiione kabisa. Unafungua orodha ya mitandao, iko tupu, na programu ya kuiendesha kadi hiyo inapatikana kwenye intaneti ambayo ndiyo huna.

Kwa maoni yangu, kinachochaguliwa hapa ni wakati wa kusumbuliwa na mabadiliko. Anayetumia Arch huyapokea kidogo kidogo kila wiki, na inambidi asome matangazo ya mradi kabla ya kusasisha, maana wakati mwingine kuna hatua za kufanya kwa mkono. Anayetumia toleo thabiti hukaa kwa amani miaka 2, kisha yote yanamjia siku moja. Seva inayotegemewa na watu wengine ningeiweka kwenye toleo thabiti bila kusita. Kompyuta ya kazi zangu pia, mradi vifaa vyake vinatambulika, kwa sababu siku hizi ipo Flatpak, njia ya kuweka programu bila kugusa mfumo wenyewe. Naisasisha programu ya kuhariri picha hadi toleo la juzi, na chini yake kerneli na maktaba za mfumo hazijasogea hata kidogo.