Gari lililoibwa likapatikana: chunguza haya kabla ya kupandisha dau mnadani

Anayeishi Buhongwa, Igoma au Kisesa na kufanya kazi mjini anajua adha ya kugombea daladala asubuhi. Ndiyo maana tangazo la mnada wa magari likitoka hapa Mwanza, watu hufurika. Baadhi ya magari hayo yaliibwa, yakapatikana, na sasa yanauzwa. Gari la namna hiyo linaweza kukufaa kabisa kwa mizunguko ya kila siku, lakini huuzwa "kama lilivyo na mahali lilipo". Nyundo ikishagonga, kasoro zote ni zako.

Anza kwa kuuliza nani anauza na kwa haki gani. Huenda mwenye gari alikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata gari likiibwa, akalipwa fidia, na gari lilipopatikana likawa mali ya kampuni ya bima. Hapo omba kadi halisi ya gari pamoja na hati iliyosainiwa na mmiliki wa awali ya kuikabidhi kampuni gari hilo. Au lilikaa kituo cha polisi kama kielelezo cha kesi, kisha mahakama ikaamuru liuzwe. Hapo omba kuiona amri yenyewe. Kopi ya kadi na maneno ya dalali havitoshi. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kwa kawaida asiye na haki juu ya mali hawezi kukupa haki hiyo. Ulizia pia barua ya polisi inayothibitisha kwamba gari limepatikana na taarifa ya wizi imefutwa. Bila hiyo unaweza kusimamishwa Usagara ukielekea daraja la Kigongo–Busisi, ukalala kituoni na gari ulilolinunua kihalali.

Kisha fungua boneti. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ya chasisi yenye jumla ya herufi na tarakimu 17. Yana herufi za modeli, kistari na namba. Kwenye Toyota nyingi imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, au chini ya zulia karibu na kiti cha mbele. Pitisha kidole. Ukihisi mikwaruzo ya tupa, herufi zilizopinda au rangi mpya mahali hapo tu, ondoka. Linganisha namba hiyo na kadi, kisha na kibati cha kiwandani, ambacho pia kina msimbo wa rangi: 040 ni nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 ya fedha. Gari jeusi lenye kibati cha 040 lina historia ambayo muuzaji anapaswa kuieleza, kwa maandishi.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza ni funguo. Mwizi anaweza kuwa bado na ufunguo unaowasha gari hilo hilo, na sasa limeegeshwa nje kwako. Kama ni la ufunguo wa chipu, fundi wa funguo afute funguo zote kwenye kumbukumbu ya gari na kusajili upya zile ulizo nazo. Kama ni la ufunguo wa kawaida, badilisha suichi na vitasa vya milango. Fundi umeme afungue pia jalada la chini ya usukani: waya zilizokatwa zikaungwa kwa tepu nyeusi ni alama ya kuwashwa kwa nguvu, na maungio hayo yakipata joto huweza kuunguza gari.

Uharibifu wa kukaa uwanjani ni rahisi kuuona: betri iliyokufa, breki zilizoshika kutu, waya zilizotafunwa na panya. Matairi yasome ubavuni. Tarakimu 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yaingize yote haya kwenye hesabu zako kabla ya kuinua mkono.

Kagua kwa namba ya gari faini za barabarani na ushuru wa maegesho, kwani mwizi halipi. Ukishinda, kamilisha uhamisho wa umiliki TRA kwa TIN yako, ndipo ukate bima. Ukiulizwa historia ya gari, sema wazi kwamba liliwahi kuibwa. Ukificha, kampuni inaweza kukataa kukulipa siku utakapopeleka madai.