Vijenzi vya mfumo endeshi ni nini, na vya kuweka ni vipi?

"Ami, sasa hapa nyota nitie wapi?" mtoto wa ndugu yangu aliniuliza baada ya isha, tumekaa barazani kwao Kibokoni na laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Ndiyo mara yake ya kwanza kujaribu Debian, aina moja ya Linux, na kisakinishi, yaani programu inayouweka mfumo kwenye mashine, kilikuwa kimefika pale wengi wanapokwama: orodha ya majina, kila moja na mabano pembeni, na unalolitaka unalitia nyota. GNOME, Xfce, KDE Plasma, seva ya wavuti, seva ya SSH, zana za kawaida za mfumo.

Hivyo ndivyo vijenzi. Mfumo endeshi umeungwa kwa vipande vingi. Chini kabisa iko kerneli, inayosemezana na prosesa, kumbukumbu na diski. Juu yake kuna maktaba na zana za amri, halafu eneokazi, yaani madirisha, menyu na ikoni unazoziona, na mwisho programu zako. Aliyezoea mashine ya dukani hajawahi kuulizwa, kwa kuwa aliikuta imeshajazwa. Linux kama Debian hukuuliza. FreeBSD, mfumo mwingine endeshi, nayo hukuuliza: kerneli na mfumo wa msingi ni lazima, lakini msimbo chanzo ukitaka unauacha.

Mimi hujiuliza swali moja: kipi nikikikosa leo, kesho sitaweza kukileta? Programu ya video, ya ofisi, ya picha, zote utazileta kwa amri moja ya apt, zana ya Debian ya kuleta programu. Lakini apt inataka intaneti, na kadi nyingi za waifai haziamki bila fimwea yake, yaani programu ndogo inayoendesha kadi yenyewe. Zamani visakinishi rasmi vya Debian havikubeba fimwea zisizo huru, zile ambazo msimbo wake hauko wazi kwa wote, na mimi yalinikuta: mfumo umekaa vizuri, waifai haipo, nikabeba mashine hadi kwa jirani mwenye kebo. Tangu Debian 12, mwaka 2023, fimwea hizo zimo ndani ya kisakinishi. Hata hivyo, kama mfumo wako unakuruhusu kuujaribu moja kwa moja kutoka kwenye flashi, anza hivyo, na waifai uiangalie kabla ya kugusa diski.

Eneokazi, yaani GNOME, Xfce au KDE Plasma, chagua moja. Ukitia nyota GNOME na KDE kwa pamoja, kila moja litavuta pakiti, yaani vifurushi vya programu, linazozitegemea, nawe utajikuta na vihariri viwili, vitazama picha viwili, na bando limekwenda. Kwa RAM ya GB 4 napendelea Xfce, kwa kuwa ni jepesi na halifichi vitu. Ila angalia: kisakinishi huwa tayari kimeshatia nyota GNOME. Usipoiondoa, utapata yote mawili. Na ukiondoa nyota zote, mashine itawaka na skrini nyeusi inayokuomba jina na nywila, basi. Haijaharibika, ni kwamba eneokazi hukulitaka.

Seva ziache. Seva ya SSH ni mlango wa kuingilia mashine yako kutoka mashine nyingine. Kama huna haja nao na nywila yako ni dhaifu, mbona uufungue?

Nilimwonyesha mpwa wangu jambo dogo linalowaponza watu: katika kisakinishi cha maandishi, nyota hutiwa na kuondolewa kwa kitufe cha nafasi. Enter humaanisha endelea. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya Enter. Akakirudisha, akaiondoa nyota ya GNOME, akaitia kwa Xfce, zana za kawaida akaziacha zilivyo, halafu akabonyeza Tab mpaka "Endelea". Hotspoti ya simu ikaanza kuvuta pakiti.

Saa nne na kitu mashine ikawaka upya. Kitu cha kwanza alichoongeza mwenyewe kilikuwa VLC.